Mbona Matthias wa Hungaria hatajwi?
Makala yenu kuhusu Renaissance, ule mwamko wa sanaa na elimu ulioanzia Italia, ni nzuri, ila kusema ilivuka milima ya Alpi na kuingia nchi nyingine za Ulaya baada tu ya Charles wa Nane wa Ufaransa kuivamia Italia mwaka 1494 ni kumdhulumu Matthias Corvinus. Huyu alitawala Hungaria tangu 1458, akamwoa Beatrice wa Napoli mwaka 1476, na kasri lake katika mji wa Buda likajaa wasomi na mafundi wa Kiitalia. Na ile maktaba yake! Vitabu vya kunakiliwa kwa mkono, vimenakshiwa kwa dhahabu, vingi aliviagiza Florence, Italia. Alifariki 1490, waliomfuata hawakuitunza, kisha Waosmani (Waturuki) wakaiteka Buda 1526. Leo vimebaki vitabu kama 200 tu, vimetawanyika nchi mbalimbali. Inauma sana. Mhariri, tafadhali mpeni mfalme huyu makala yake.