Jioni ya Kigali Ianze kwa Maziwa

Mama mkubwa alipokuja kunitembelea Kigali akitokea Bukoba, siku ya pili tu aliniambia hataki tena kuzungushwa kwa gari. "Mwanangu, nimekuja kuona mji au kuona kisogo cha dereva?" Ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua, na Kigali ni mji usiojua tambarare: ukimaliza kupanda unaanza kushuka. Nikasita. Yeye alikwisha kufunga kitenge kiunoni na kuvaa raba.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu jioni, tukarudi saa nne usiku. Katikati hapo tulikaa kwenye meza nne, na kati ya meza na meza tulitembea. Tangu jioni ile nimekuwa na msimamo ambao rafiki zangu wanaoongoza wageni hapa wameuchoka kuusikia: anayetaka kumlisha mgeni Kigali ampeleke kwa miguu, na kinywaji cha kwanza kiwe maziwa.

Nasema hivyo kwa sababu njia nyingine nimeipitia pia. Miezi michache kabla ya mama mkubwa kufika nililipia ziara ya jioni iliyotangazwa kuwa ya chakula na vinywaji vya asili. Basi dogo lilituchukua, likatupeleka hoteli moja, kisha nyingine, kisha mgahawa wa tatu wenye bustani nzuri sana. Tulikunywa mvinyo ulioagizwa kutoka nje na bia za chupa. Karibu na mwisho, mhudumu alipita na sinia la vibilauri vya pombe ya ndizi, kila mtu akapewa funda moja. Hakuna aliyetuambia imetengenezwaje wala imetoka kwa nani. Wageni wenzangu walikunja nyuso, wakarudisha vibilauri kwenye sinia, tukapanda basi. Niliumia kwa niaba ya pombe ile. Kinywaji ambacho watu hufungia ndoa na kupatanishia majirani kilipitishwa mbele yetu kama dawa ya kikohozi.

Kuna jambo ambalo mgeni kutoka pwani au Dar hulishangaa hapa. Sisi tumezoea kula njiani. Muhogo wa kukaanga kwenye gazeti, mshikaki kwenye kijiti, kachori na urojo pale Forodhani, watu wanasimama, wanakula, wanaongea. Rwanda, mtu mzima kula huku anatembea barabarani ni jambo la kumtia aibu, na kupanga vyakula chini na kuviuza kando ya njia hakuruhusiwi mjini. Kwa hiyo chakula kiko ndani. Lazima uingie, usalimie "mwiriwe", uvute benchi, ukae. Wapo wanaoliona hilo kama kikwazo kwa ziara ya miguu. Mimi naliona ndilo linaloifanya iwe tamu, maana kila unapokula umeingia kwa mtu, na mtu akishakukalisha lazima mzungumze. Goti la mama mkubwa nalo lilipata nafasi ya kupumzika kila baada ya mlima.

Kituo cha kwanza kilikuwa duka la maziwa. Kigali yapo mengi: chumba kimoja, mabenchi, ng'ombe aliyechorwa ukutani kwa rangi, na nyuma ya kaunta tangi la chuma linalong'aa. Unaulizwa swali moja tu, ya moto au ya baridi. Ya moto huitwa inshyushyu. Ya baridi ni ikivuguto, mtindi mzito, laini, wenye uchachu unaokujia mwishoni baada ya kumeza. Kikombe ni cha nusu lita, na pembeni unaweza kuweka andazi, chapati au yai la kuchemsha. Jioni ile benchi letu lilikuwa na dereva wa pikipiki aliyeweka kofia yake mapajani, fundi mwenye saruji kavu kwenye kucha, na kijana wa ofisini aliyerusha tai begani isije ikachovya kikombeni. Wote wanakunywa maziwa, saa kumi na mbili jioni, kama watu wa mji mwingine wanavyokutana kwenye bia baada ya kazi.

Mama mkubwa alikinusa kikombe kwanza. Akanywa kidogo, akakaa kimya, akanywa tena. "Haya hayakufukizwa," akasema. Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza jinsi bibi yangu alivyokuwa akifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa majani kila asubuhi kabla ya kukamua, na maziwa yakabeba harufu ile mpaka yanaingia tumboni. Mimi ni mjukuu wa bibi huyo na sikuwahi kuyasikia hayo. Mwenye duka, mama wa makamo, alikisikia Kiswahili chetu, akasogea akasema kwao Mutara, upande wa mashariki, nao walikuwa wakifukiza. Wakaanza. Nusu saa nzima walizungumza habari za vibuyu, mimi nikiwa katikati yao sina la kuchangia.

Ng'ombe katika nchi hii ameingia mpaka ndani ya salamu. Mnyarwanda anaweza kukusalimia "amashyo", yaani uwe na makundi ya ng'ombe, nawe ukaitikia "amashongore", makundi ya majike. Tangu 2006 serikali ina mpango wa Girinka wa kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja, na ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa jirani. Kwa hiyo unapoweka kikombe kile cha ikivuguto mezani umeshika kitu ambacho watu wa hapa wanakithamini kuliko chupa yoyote ya baa. Mwongoza wageni anayekipita na kukimbilia bia amekosa mlango wa nyumba akaingilia dirishani.

Kutoka hapo tuliteremka hadi mtaa wa Biryogo. Msomaji wa Kiswahili, hapa ndipo ninapotaka ufike hata kama huna muda wa kwenda pengine popote Kigali. Mji wa Kigali ulianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, na pamoja na Wajerumani walikuja makarani, askari na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu. Wakati wa Wabelgiji watu hao walitengewa mahali pao pa kuishi, pakaitwa Camp Swahili. Wajukuu na vitukuu wao bado wapo. Kiswahili kilipopitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, Biryogo hawakuhitaji kufundishwa, walikuwa wakikiongea miaka yote.

Siku hizi kuna mitaa ya Biryogo iliyofungwa kwa magari. Lami imepakwa rangi, viti na meza vimetandazwa katikati ya barabara chini ya miti, na jioni hujaa. Tuliketi. Mezani kwetu na kwa majirani hapakuwa na pombe: chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi mpaka koo linachangamka, chapati za moto, sambusa. Menyu ya Kinyarwanda yenyewe ilimpa mama mkubwa raha. Capati, irindazi, sambusa, akawa anasoma kwa sauti kama mtu anayekutana na ndugu waliopotea. Kaka aliyetuhudumia alituita "mama" na "dada" bila kuuliza tunatoka wapi, akatuletea sahani ya pili ya chapati akisema hiyo ni ya mgeni. Adhana ya isha ilipolia, nusu ya viti vilibaki wazi, simu na pochi vikiwa vimeachwa mezani. Mama mkubwa alizikodolea macho zile simu muda mrefu.

Baada ya Biryogo tukapanda kwenda Nyamirambo yenyewe. Barabara kuu imekata ubavuni mwa kilima na haichoshi sana. Vichochoro vya pembeni ndivyo vyenye ngazi za mawe zinazopanda kama paa la nyumba. Wanawake wa mtaa huu walianzisha kituo chao mwaka 2007, Nyamirambo Women's Center, na kati ya kazi zao ni kuwatembeza wageni mtaani na kuwapikia majumbani mwao. Mfano huo naupenda kwa sababu ya pesa. Mgeni anayelala hotelini tayari ameilipa hoteli. Pesa ya chakula cha jioni iende kwa aliyekoroga sufuria, apewe mkononi mwake, meza kwa meza. Ziara inayokutoza pesa nyingi kisha ikakuficha aliyekupikia, mimi siiti ziara ya chakula.

Nyama haihitaji maneno mengi. Mishikaki ya mbuzi, wanayoiita brochette, utaisubiri, kwa hiyo agiza kabla hujaona njaa. Inakuja na ndizi ya kuchoma au viazi, na kichupa kidogo cha Akabanga, mafuta ya pilipili ya kampuni ya Sina Gérard. Jina maana yake ni siri ndogo. Ni ya kudondosha tone kwa tone. Tuliongeza sahani ya sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu vilivyokaangwa wazima wazima, na hapo nikamweleza mama mkubwa kwamba Kivu haikuwa nao samaki hao: walitolewa Ziwa Tanganyika, wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu wa dagaa wa Kigoma, basi. Akala kichwa na mkia.

Meza ya mwisho ndiyo iliyokuwa na pombe, na ndivyo inavyopasa, tumbo likiwa limeshiba na ulimi umeshafunguliwa na maziwa na chai. Ni nyumbani kwa mama mmoja ninayemfahamu, ambaye ndugu zake wa kijijini humletea urwagwa, pombe ya ndizi. Nilimwomba aeleze yote bila kuruka, maana hapo ndipo lile basi dogo lilipotuibia. Akaeleza. Ndizi za pombe huvundikwa shimoni, urwina, mpaka ziive. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti uitwao umuvure, zinakandwa pamoja na nyasi ili maji yatengane na makapi. Maji hayo matamu ni umutobe. Watoto na wasiokunywa pombe hupewa hayo hayo. Kisha unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, unaacha siku mbili tatu.

Mama mkubwa alikuwa akiitikia kila hatua kwa kichwa. Shimo, ndiyo. Mtumbwi, ndiyo. Nyasi, ndiyo. Mtama, ndiyo. Kibuyu kilipoletwa na mrija wake, akavuta mara moja, akaushikilia ulimini.

"Hii ni rubisi."

Mwenyeji hakulijua neno hilo, jina la pombe ya ndizi kule Bukoba. Mama mkubwa akavuta tena. "Rubisi ya siku tatu. Mtama umezidi kidogo, mngeupunguza ingekuwa tamu zaidi." Nilitaka ardhi inimeze, maana humkosoi mtu pombe yake nyumbani kwake. Mwenyeji akacheka mpaka akafuta macho. Akasema shemeji yake ndiye aliyeikoroga safari hii, na kila mwaka anamwambia neno hilo hilo. Wakasogezeana viti. Mrija ukaenda huku ukarudi kule. Ndizi yenyewe mama mkubwa anaita ebitoke, mwenyeji anaita ibitoki, na kati ya Bukoba na Kigali kuna mpaka mmoja na Mto Kagera.

Najua wapo watakaosema pombe ya kienyeji si salama kumpa mgeni. Ni hoja ya haki. Ndiyo maana nasema ujue nani ameipika na lini, na ukae mbali na kanyanga, pombe kali ya magendo ambayo sheria imeikataza na ambayo inaua watu. Lakini jibu la hofu haliwezi kuwa kibilauri kimoja kwenye sinia. Mtambulishe mgeni kwa mpishi wa pombe. Asiyekunywa pombe apewe umutobe, na asijisikie kwamba amekosa ziara, kwa sababu maziwa, chai na maji ya ndizi vimeshampa jioni nzima.

Jambo moja kwa mwenzangu wa Tanzania au Kenya: magari ya hapa yanapita kulia. Unapovuka usiku, umechoka na umeshiba, utaangalia upande usio wenyewe. Mshike mzee wako mkono kila unapovuka.

Tulirudi polepole. Kwenye ngazi za mwisho mama mkubwa alisimama mara tatu, mara mbili kwa ajili ya goti na mara moja kuniuliza yule mama wa Mutara anaitwa nani, akasikitika kwamba hatukumuuliza. Nilidhani atalala mpaka jua lipande. Saa kumi na mbili asubuhi nilisikia mlango wa chumba chake, nikamkuta sebuleni amekwisha kuvaa raba, mkononi ana chupa ya chai tupu aliyoiosha na kuikausha.

"Lile duka la maziwa wanafungua saa ngapi?"