Mamangu mdogo, UTI na hiyo kipimo ya CRP

Mamangu mdogo anaishi Nyalenda hapa Kisumu, ana sukari mwaka wa 11 sasa, na mwaka jana alimeza antibayotiki za UTI, yaani infection ya njia ya mkojo, mara tatu. Kila mara ni vile vile, anaenda kemisti kuchukua dawa yake ya sukari, anaambiwa mama tupime na mkojo basi, stripi inageuka rangi, anatoka na sipro, antibayotiki. Siku moja nikamuuliza, mama, ulikuwa unaungua ukikojoa? Akasema hapana. Ulikuwa unaenda choo kila saa? "Hapana, nilikuwa sawa tu."

Hiyo iliniuma sana. Wamama wenye sukari wengi wanakaa na bakteria kwenye mkojo bila kusumbuliwa, na mwongozo wa wataalamu wa maambukizi wa Marekani wa 2019 unasema wazi kama hakuna dalili usitibu, hata kama mtu ana sukari, isipokuwa mjamzito ama mtu anayeenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Ukitibu tu hivyo unazoesha wadudu dawa.

Mara ya nne ndio alishikwa kweli. Homa, kutetemeka, ubavu unauma, sukari 19. Hospitali wakatoa damu wakapima CRP, kipimo cha kuona kama mwili una inflamesheni, yaani unapigana na infection ama jeraha, ikaja 180, na kawaida ni chini ya 10. Infection ilikuwa imepanda hadi kwa figo.

Sasa tangu hiyo siku nyumbani kila mtu anasema si angepimwa CRP tangu mwanzo, na nasikia hata watu wengine wenye sukari wakiuliza hivyo wakienda lab. Mi nakataa. CRP inatengenezwa na ini mwili ukiwa na inflamesheni, haijui kama shida iko kwa mkojo ama wapi. Malaria inaipandisha, na sisi tuko kando ya ziwa jameni, nimonia inaipandisha, kidonda cha mguu ambacho watu wa sukari wanakipata sana pia kinaipandisha, na hata sukari yenyewe pamoja na unene inaweza kuiweka juu kidogo siku zote. Halafu UTI ya kibofu tu mara nyingi haiipandishi, kwa hivyo mtu anaweza kuwa anaungua na CRP iko chini kabisa. ESR, kipimo kingine cha damu cha inflamesheni, ndio usiniambie, uzee unaipandisha, upungufu wa damu, figo, na inachukua wiki kushuka. Prokalsitonini, nayo ya damu, ni nzuri zaidi ukitaka kujua kama bakteria wameingia mwilini vibaya, lakini malaria kali inaichanganya pia, na bei yake mtu wa kuuza omena ataitoa wapi.

Mahali naitaka CRP ni hapa: sukari ikikaa miaka mingi inaua neva, kibofu hakimwagi mkojo wote na mtu hasikii maumivu vizuri, kwa hivyo anaweza kuja na homa na sukari imekataa kushuka na hajasema neno moja kuhusu mkojo. Hapo CRP ikiwa juu sana inakusukuma uchunguze figo haraka, na ukiirudia baada ya siku mbili tatu unaona kama dawa inashika, maana inashuka mbio infection ikiisha. Lakini mkojo uoteshwe lab, ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamweza, na uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, hata kama majibu yatakaa siku mbili.

Wa mamangu mdogo ulioteshwa ikapatikana ni bakteria anaitwa E. coli na sipro haimwezi tena, ile ile sipro alikuwa anapewa akiwa mzima. Wakabadilisha dawa, siku ya tatu CRP ikawa 60, akaanza kuitisha uji. Siku hizi akienda kemisti akiona kikopo cha mkojo kinatolewa anawaambia, "Siungui, sina homa, nipeni metformini yangu niende."