Wysowa-Zdrój: maji ya dawa na wenyeji waliohamishwa

Mgonjwa anayepelekwa Wysowa-Zdrój kwa siku 21, gharama kubwa ikibebwa na mfuko wa afya wa taifa la Poland, hupitia kwanza kwenye jengo la mbao ndani ya bustani. Hapo huchotewa maji yanayotoa povu kama soda. Akionja, chumvi inamkamata ulimi. Zdrój kwa Kipolandi ni chemchemi, na neno hilo likiambatishwa kwenye jina la mahali, wote hujua kwamba hapo pana maji ya tiba.

Kijiji kipo Beskid Niski, sehemu ya Karpati yenye milima mifupi, hatua chache kutoka mpaka wa Slovakia. Chini yake kuna matabaka ya mawe ya mchanga na udongo mgumu yaliyokunjwa na kupasuka, na kwenye nyufa hizo gesi ya kaboni dayoksaidi hupanda, ikayachangamsha maji.

Vipeperushi vya wageni huridhika na hayo. Lakini waliokuwa wakiteka maji haya kwa karne nyingi ni Walemko, watu wa milimani wenye lugha iliyo karibu na Kiukraini na ibada ya Kikristo ya Mashariki. Kanisa lao la mbao la Malaika Mikaeli, la mwaka 1779, bado limesimama kijijini. Wao ndio walioondolewa. Kuanzia Aprili 1947, katika Operesheni Wisła, jeshi la Poland liliwapakia kwenye mabehewa watu wapatao 140,000, Waukraini na Walemko, likawatawanya kaskazini na magharibi, kwenye ardhi iliyokuwa ya Wajerumani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwakatia waasi wa Kiukraini chakula na maficho. Waliohamishwa ni pamoja na vikongwe na watoto wa kunyonya.

Je, kijiji cha tiba kiyaseme haya mbele ya wageni wake?

Wanaosita wana hoja, na si haki kuwaita wabaguzi wote. Familia zilizoletwa baada ya 1947 hazikutunga amri ile. Zilikuta nyumba tupu, na nyingi zilikuwa fukara. Mikono yao ndiyo iliyofufua kituo cha tiba baada ya vita. Na mtu aliyekuja na magoti yanayouma, wanasema, hakuja kusomewa msiba.

Hoja ya mwisho hainiingii akilini. Tazama Krynica, mji wa tiba ulio magharibi mwa hapo. Nikifor, mchoraji Mlemko aliyekuwa akiuza picha zake barabarani, alihamishwa naye mwaka 1947, akarudi kwa miguu, akahamishwa tena, akarudi tena. Leo mji huohuo una jumba la makumbusho kwa jina lake, na wageni huingia kulitazama. Historia chungu haijawafukuza wageni.

Wanaotaka kumbukumbu iwe wazi wana sheria upande wao. Seneti ya Poland ililaani operesheni ile mwaka 1990, na sheria ya 2005 iliwatambua Walemko kuwa kabila la wachache, ikaruhusu vibao vya majina ya vijiji katika lugha yao. Nawaunga mkono. Hofu yangu ni moja: kibao ni rahisi. Kanisa la mbao linapendeza kwenye picha, na kila Julai kijiji jirani cha Zdynia hujaa nyimbo za Kilemko, halafu kila mtu huenda zake.

Kizito ni mali. Walioruhusiwa kurejea baada ya 1956 walikuta wengine wakiishi katika nyumba zao. Wapo waliolazimika kuzinunua upya, kwa fedha yao, nyumba walizojenga babu zao. Misitu ilikwisha kuchukuliwa na serikali, na madai ya kuirudisha yamezungushwa mahakamani miaka na miaka. Ni misitu hiyohiyo ambayo mgonjwa huambiwa, baada ya bilauri yake ya maji, akatembee ndani yake avute hewa safi.