Nimegusa jina la waifai, waifai ikazima

Jamani mi sina ugomvi na maendeleo, yaje tu, yakifika kwangu nayapa kiti na chai. Ila kuna haya maendeleo yanayokuja usiku umelala, yanahamisha masufuria, chumvi yanaitia kwenye kopo la majani ya chai, halafu asubuhi yanakwambia karibu kwenye muonekano mpya.

Nina kisteshenari changu Mbagala, fotokopi, kuprinti, pasipoti saizi, na kujazia watoto wa watu fomu za chuo. Laptopu ni ya zamani, RAM GB 4, mfumo uliokuja nao ulikuwa ukiiwasha unaenda kununua vitumbua unarudi bado kinazunguka tu, ndo dogo mmoja wa chuo akaniwekea Linux, mfumo mwingine mwepesi, na mi nikaona mwanga. Miaka minne hatujawahi kununiana.

Na kilichonifanya niipende ni kitu kidogo mno, kile kiikoni cha netiweki kule kwenye kona. Tuseme ukweli, sura hakikuwa nayo. Vingazi vya kijivu basi. Lakini kilikuwa kinaongea! Kikianza kuunganisha unaona vidoti viwili, kinawaka kijani cha kwanza, kinawaka cha pili, unajua tayari imeshika, na kikikwama katikati unajua hapa kuna jambo. Ukiklik kushoto unapata waifai za mtaa mzima zimejipanga, ukiklik kulia unapata taarifa zote za muunganisho, IP (ile namba ya anwani ya laptopu kwenye mtandao) na kila kitu. Hata usipoklik, ukiweka tu mausi juu yake kinakutajia upo kwenye mtandao gani. Yaani kama balozi wa nyumba kumi, hujamaliza kuuliza nani kahamia pale kwa mama Zuhura ameshakujibu na kodi anayolipa.

Sasa wiki iliyopita nikakubali apudeti. Kosa langu, mkono wangu mwenyewe huu.

Jumatatu asubuhi foleni imefika mlangoni, umeme ulikatika usiku kwa hiyo ruta ndo kwanza inaamka, mbele yangu kuna mama kashika flashi anasema mwanangu nifanyie haraka na hiyo barua yangu ipo kwenye imeili pia kama flashi haisomi. Haisomi kweli. Naenda kwenye kona, naklik, likashuka bonge la pazia. Sauti, mwanga wa kioo, bluutuuthi, mwanga wa usiku, modi ya ndege. Ndege! Laptopu betri yake inakaa dakika 15, hata daladala ya Kariakoo haifiki nayo, nani anaipandisha ndege? Humo katikati nikaona kitufe kikubwa cha mviringo kama kipande cha sabuni, kimeandikwa Wi-Fi na jina la ruta yangu chini yake. Mtu mwenye akili timamu akiona jina la kitu anachokitaka anafanyaje? Analigusa. Nikaligusa.

Waifai ikazima.

Nikagusa tena, ikawaka, ikaanza kutafuta upya kama imezaliwa leo, nikaona inachelewa nikagusa niisaidie, ikazima. Mara nne. Mama anahesabu, nasikia kabisa anahesabu. Kumbe ukigusa jina unazima, orodha yenyewe imefichwa kwenye kamshale kembamba pembeni ya sabuni, kamshale kenyewe unahitaji miwani. Ni sawa na fundi akujengee mlango ambao ukishika kitasa nyumba nzima umeme unakata, ukimuuliza sasa natokaje anakwambia aah bosi, wewe bonyeza bawaba.

Haya, kamshale nimekapata. Orodha ikafunguka, na orodha nayo ina mambo yake, inajipanga kwa nguvu ya mawimbi, na mawimbi ya Mbagala hayatulii, bodaboda ikipita yanahama. Kwa hiyo nalenga ruta yangu iliyopo ya pili, kidole kinashuka, kabla hakijatua orodha inaruka, ruta inakuwa ya tatu na ya pili sasa ni waifai ya saluni inayoitwa NUNUA BANDO LAKO. Ikaniomba paswedi ya saluni. Nikakansela, nikalenga tena, ikaruka tena, safari hii nikatua kwenye hotispoti ya simu yangu mwenyewe, ile nilishawahi kuitumia siku za nyuma kwa hiyo paswedi inaijua, haikuuliza kitu, ikaingia kimya kimya kama mkwe aliyechelewa shughuli.

Na hapo ndo palipoumia. Maana ikoni ya hotispoti na ikoni ya ruta ni ile ile, kifeni cheupe, hakina jina, ukiweka mausi juu hakisemi neno. Barua ya mama ikafunguka, nikaiprinti kwa waya, nikajisifu, nikaenda zangu kula kwa mama ntilie nikamuachia dogo wa dada yangu aniangalizie ofisi. Dogo akaona kifeni cheupe akajua tupo kwenye ruta isiyokata bando, akashusha muvi. Sio moja. Narudi na kijiti mdomoni nakutana na meseji kwenye simu, ndugu mteja kifurushi chako kimeisha, kifurushi cha mwezi nilichokinunua juzi Ijumaa. "Anko mi nimeangalia waifai ilikuwa imejaa." Na hakudanganya mtoto wa watu, ilikuwa imejaa kweli.

Sijasahau printa. Printa yangu inaongea na laptopu kwa waifai, zikipotezana naanza na kuangalia IP ya laptopu. Zamani klik ya kulia, mstari mmoja, kwisha. Sasa hivi nashusha pazia, kamshale, nashuka mpaka chini kabisa kwenye mipangilio, linafunguka dirisha lingine, natafuta jina la ruta, pembeni yake kuna gurudumu lenye meno, nagusa gurudumu, ndo IP inatoka huko inajinyoosha. Safari ya kwenda Kigamboni bila pantoni.

Yule dogo wa chuo nilimpigia, akanielewesha kwamba wameweka vitufe vikubwa ili watu wenye vioo vya kugusa wasipate shida na vidole. Sawa, hiyo ina maana, sikatai. Ila kioo cha kwangu ukikigusa kinaacha alama ya mafuta ya chipsi, hakifanyi kingine. Na akaniambia jambo lililonichoma zaidi, kwamba mpishi jikoni hajabadilika! NetworkManager yenyewe, programu inayoshughulikia mtandao kule chini, ni ile ile, ipo tangu 2004, iliyobadilishwa ni sura ya mbele tu. Yaani chakula kile kile, wamemfukuza mhudumu anayenijua wameleta wa suti asiyesalimia wateja.

Ndo akanifundisha mlango wa uani. Unafungua terminali, lile dirisha la kuchapa amri, unaandika `nmcli device wifi list`, orodha inatoka na imetulia, hairuki, majina, nguvu ya mawimbi, chaneli, na inayotumika ina nyota pembeni. Nyota! Unajua uko wapi! Ukitaka IP ni `nmcli device show`. Ruta yangu nikaipa kipaumbele namba 10, hotispoti nikaiacha na sifuri yake, mwenye namba kubwa ndo anashikwa kwanza mashine ikiwaka. Nilijisikia mtu, nikawa nachapa hata pasipo sababu.

Sasa juzi akaja mzee mmoja kujaza fomu, nimemshikia kitambulisho chake cha NIDA, netiweki ikakata. Mi bila wasiwasi nikafungua terminali, kioo kizima cheusi, nikaanza kuchapa, herufi zinashuka. Mzee akanyamaza. Akasogea. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akaangalia kitambulisho chake mkononi kwangu.

"Kijana, hebu nirudishie hiyo kadi."

"Mzee wangu natafuta tu mtandao."

"Naona. Kumbe nyie ndo mnatutumiaga zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii."

Akaondoka, akaenda duka la ng'ambo ya barabara, na foleni nyuma yake watu wawili wakakumbuka wana safari.

Kwa hiyo nimejiongeza. Mteja akiingia nashusha kwanza lile pazia, liko pale linang'aa na masabuni yake ya bluu kama pambo la sebuleni, watu wanaliona wanapata imani, halafu terminali naiweka dirisha dogo kule chini kwenye kona nachapa kimya kimya kama naandika barua ya mapenzi. Mbinu imefanya kazi siku mbili nzima.

Jana mama wa flashi karudi, safari hii na mwanae wa darasa la pili, tumefika asilimia 80 kupandisha viambatisho vya kaka yake, mtoto akaona kitu kinang'aa, akashika mausi.

Akagusa jina.