Mama 1970, Mume 1980, Mwenyewe 2025

Maybelle Carter aliingizwa katika Country Music Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa muziki wa kantri lililoko Nashville, Marekani, mwaka 1970, pamoja na wenzake wawili wa kundi la Carter Family. Mkwewe, Johnny Cash, aliingizwa mwaka 1980. Binti wa Maybelle na mke wa Cash, June Carter Cash, aliyepanda jukwaani tangu utotoni, akaimba, akapiga ala, akachekesha watu na kutambuliwa kuwa mtunzi mwenza wa wimbo uliokuwa miongoni mwa mafanikio makubwa kabisa ya mumewe, alingoja hadi 2025, wakati yeye mwenyewe alikuwa na miaka 22 kaburini.

Wanaolitetea jumba hilo dhidi ya lawama kwamba huwaweka wanawake nyuma wana hoja nzito. Siku hizi kwa kawaida huingizwa watu au makundi matatu tu kwa mwaka, na foleni ya wanaostahili ni ndefu kwa wanaume pia: Keith Whitley, aliyefariki mwaka 1989, aliingizwa mwaka 2022, na Jerry Lee Lewis akapewa heshima hiyo mwaka huohuo, siku chache kabla ya kufa. Tena wanawake hawakufungiwa mlango kabisa. Patsy Cline aliingia mwaka 1973, na mwaka 2023 wawili kati ya watatu walioteuliwa, Tanya Tucker na Patty Loveless, walikuwa wanawake. Watetezi huongeza kwamba heshima ya juu inapaswa kupima kazi iliyofanyika, si kusawazisha idadi, na kwamba kumwingiza mtu kwa sababu ya jinsia yake ni kumvunjia heshima yeye mwenyewe.

Hoja hiyo ya mwisho naikubali. Ninachopinga ni dhana iliyo chini yake, kwamba kipimo chenyewe hakina upande. Kazi ya msanii wa kantri hupimwa kwa nyimbo zilizovuma, na nyimbo huvuma zikipigwa redioni. Mwaka 2015 mshauri wa vituo vya redio, Keith Hill, alisema hadharani kwamba katika kachumbari ya kantri wanaume ndio majani na wanawake ni nyanya tu, akavishauri vituo vipunguze nyimbo za wanawake. Hakuwa akizungumzia jambo la kufikirika: utafiti wa Jada Watson wa Chuo Kikuu cha Ottawa ulionyesha kuwa sehemu ya nyimbo za wanawake katika orodha za mwaka za redio za kantri ilishuka kutoka takriban theluthi moja mwaka 2000 hadi asilimia 11.3 mwaka 2018. Anayenyimwa nafasi redioni leo ataonekana baada ya miaka 20 kuwa hakuvuma vya kutosha, na wapiga kura wa jumba hilo, ambao majina yao hayatangazwi, watakuwa wameamua kwa takwimu za kweli zilizozaliwa na upendeleo.

Kati ya 2013 na 2017 ziligawiwa nafasi 15, na hakuna hata moja iliyomwendea mwanamke anayeimba peke yake. Wanawake walioingia ni Maxine na Bonnie Brown, na hao waliingia pamoja na kaka yao. Hapo ufinyu wa nafasi hautoshi kuwa maelezo.

Kwetu Afrika Mashariki, na hasa Kenya, ambako kantri ina wapenzi wengi, jina la Skeeter Davis hutajwa sambamba na la Jim Reeves. Reeves aliingizwa mwaka 1967. Davis, ambaye mwaka 1963 wimbo wake mmoja uliingia katika kumi bora za orodha nne tofauti za jarida la muziki la Billboard, alikuwa bado hajaingizwa hata baada ya uteuzi wa 2025. Mtu anaweza kusema kwamba Reeves alikuwa na nyimbo nyingi zaidi zilizoongoza, na ni kweli. Lakini pengo kati yao linaweza kuwaweka mbali kwa miaka kumi au ishirini. Haliwezi kumweka mmoja ndani na mwingine nje kwa karibu miaka sitini.

Kwa maoni yangu, dawa si mgawo wa lazima. Ingefaa majina ya wapiga kura yajulikane, na kazi ya mwanamke aliyefanya sanaa ubavuni mwa mume au ndugu ihesabiwe kuwa yake. Wakati nao una uzito. Dottie West, mwanamke wa kwanza wa kantri kushinda tuzo ya muziki ya Grammy, mwaka 1965, alifariki 1991 na kuingizwa 2018. Tanya Tucker, aliyeanza kuvuma mwaka 1972 akiwa na miaka 13, alingoja miaka 51, lakini alikuwepo kuipokea heshima yake kwa mikono yake mwenyewe.