Peter Lustig, mtangazaji aliyewaambia watoto wazime TV

Hivi ni mtangazaji gani leo anaweza kumaliza kipindi chake kwa kuwaambia watazamaji wazime TV? Peter Lustig alikuwa anafanya hivyo, tena kwenye ZDF, moja ya chaneli kubwa kabisa za Ujerumani, miaka na miaka. Kipindi kikikaribia kuisha anaangalia kamera anaongea na mtoto kama vile wako wawili tu, halafu anamwambia haya, zima sasa. "Abschalten!" Wajerumani waliokua miaka ya 80 na 90 mpaka leo wanalikumbuka hilo.

Kwa maoni yangu huyu mzee ndo mtangazaji bora wa vipindi vya elimu vya watoto niliyewahi kumuona, na sababu kubwa ni kwamba alikuwa fundi kwanza, utangazaji ulikuja baadaye sana. Alizaliwa 1937 Breslau, mji ambao siku hizi uko Poland na unaitwa Wrocław, akasomea ufundi wa redio kisha mambo ya umeme, akaenda kufanya kazi ya fundi sauti Berlin kwenye AFN, ile redio ya wanajeshi wa Marekani. Ile hotuba maarufu ya Rais Kennedy wa Marekani ya Juni 26, 1963 huko Berlin, ya "Ich bin ein Berliner" (yaani mimi ni mtu wa Berlin), Lustig alikuwepo pale, upande wa mitambo ya sauti. Baadaye akaingia TV akiwa bado nyuma ya kamera, mpaka wenzake wakaona jamaa ana kipaji cha kuelezea vitu na wakamleta mbele. Akashiriki kwenye Die Sendung mit der Maus, kipindi maarufu cha watoto cha Ujerumani, halafu 1979 kikaanza kipindi chake mwenyewe, Pusteblume, na 1981 kipindi kikabadilishwa jina kikawa Löwenzahn.

Sasa Löwenzahn ni jina la kale kaua ka njano kanakoota popote, na mwanzoni mwa kipindi unakaona kanapasua lami kanatokeza juu. Halafu yupo Lustig mwenyewe, kipara, miwani ya duara, ovaroli la jinzi, anaishi kwenye kibanda cha bluu chenye magurudumu, vile vibanda vya mafundi ujenzi vya saiti, na juu ya paa kajitengenezea sehemu ya kukaa. Jirani yake ni Bwana Paschulke (aliigizwa na Helmut Krauss), mtu mwenye makuu na wasiwasi wa kila kitu, na kwa kweli Paschulke ndo watu wazima wengi tulivyo, tunajifanya tunajua kumbe hatujui. Lustig yeye anaanza na swali. Maji ya bomba yanatoka wapi, umeme unafikaje nyumbani, mkate unatengenezwaje, na hakupi jibu haraka haraka, anachukua bisibisi anajaribu, inagoma, anajikuna kichwa, anajaribu tena. Hapo ndo mtoto anajifunza jinsi ya kufikiri na sio jibu peke yake, na huwezi kuigiza hiyo kama mikono yako haijawahi kushika kazi.

Linganisha na video za watoto za sasa hivi mitandaoni, ikiisha moja nyingine inaanza yenyewe mtoto hajagusa kitu, rangi zinawaka waka, muziki haupumziki, kila kitu kimepangwa ili asiondoke. Yaani ni kinyume kabisa na alichokuwa anafanya Lustig, na mimi nashangaa wazazi tunavyoona ni kawaida tu.

Miaka ya 80 alipata kansa ya mapafu, akatolewa pafu moja, akarudi kazini akaendelea mpaka 2005. Mwaka uliofuata mwigizaji Guido Hammesfahr akachukua nafasi kama mhusika mpya, Fritz Fuchs, na kipindi hakikufa. 2007 Lustig akapewa nishani ya taifa, akafariki Februari 23, 2016 akiwa na miaka 78.

Kitu kinachoniudhi mpaka leo ni ule uvumi kwamba eti alikuwa anachukia watoto. Ulianzia kwenye mahojiano ambapo alisema kushuti na watoto ni kazi ngumu na kwamba seti sio mahali pa mtoto, magazeti yakachukua nusu ya maneno yakapiga kichwa cha habari. Lakini fikiria seti inavyokuwa, mataa ya moto, watu kibao, mtoto anaambiwa rudia, rudia tena, shangaa kama vile ndo mara ya kwanza unaona, wakati ameshachoka na anataka kwenda nyumbani. Yeye hakutaka hilo, akaamua kuongea na mtoto aliyekaa kwake anaangalia. Mimi naona huko ndo kuwaheshimu watoto, na waliosambaza ule uvumi walikuwa wanamuonea tu.