Barua za Sydney ya zamani: tuziamini kiasi gani?

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana, na sidhani kama kuna watu waliouhisi huo usemi kama wale walioshushwa Sydney Januari 1788, maana walikuwa mbali na kwao kiasi kwamba hata hiyo nusu yenyewe ilichukua miaka kufika. Wengi wao walikuwa wafungwa wa Uingereza waliohukumiwa kwa wizi, pamoja na askari wa kuwalinda na maofisa wachache, na walichoandika nyumbani ndo leo kinagombaniwa na watu wa historia. Ukitaka kujua maisha ya yale makoloni ya mwanzo ya Australia yalikuwaje, uziamini barua za watu binafsi au uzisome kwa mashaka? Wapo wanaosema barua ndo sauti pekee ya mtu wa chini, bila hizo tungebaki na ripoti za magavana tu. Wapo wanaosema hapana, barua ni za wenye karatasi na kalamu, tena waliandika walichotaka ndugu zao wasikie, na wenyeji wa ile ardhi hawamo kabisa au wamo kama mandhari.

Niseme mapema ninaposimama. Naona pande zote mbili zina hoja nzito lakini zote zinakosea sehemu moja, zinasoma maneno ya barua na kusahau safari yake. Nani aliibeba, nani aliilipia, nani aliifungua njiani kabla haijafika. Hayo ukiyajua unaijua barua vizuri zaidi kuliko ukiyakariri maneno yake.

Tuanze na wanaozitetea, maana hoja yao nzuri. Kuna barua ya tarehe 14 Novemba 1788, ya mwanamke mfungwa ambaye jina lake halikuhifadhiwa, koloni halijafikisha hata mwaka. Anasema wako kwenye upweke wa mwisho wa dunia, wana safu mbili za vibanda duni, hakuna vioo vya madirisha kwa hiyo watu wamesuka fito wakaziba nazo. Anasema shida za wanawake hazielezeki, chai waliyokuwa wanapewa na mabaharia njiani imekwisha, wenye watoto wadogo wana hali mbaya kabisa, na wako waliopata mimba safarini halafu wanaume wakageuza na meli zao kurudi Uingereza wakawaacha hapo hapo. Sasa niambie ni gavana gani angeandika hayo kwa wakubwa wake London? Gavana Arthur Phillip alikuwa na mambo yake ya kuripoti, chakula kimebaki kiasi gani, watu wangapi wanaumwa, nani kaadhibiwa. Chai ya mama aliyejifungua haina nafasi kwenye ripoti ya namna hiyo.

Lakini barua hiyo hiyo karibu na mwisho ina sentensi ambayo kwangu ina uzito kuliko zote zilizotangulia. Anasema barua zetu zote zinakaguliwa na ofisa, ila hii kuna rafiki ananichukulia kwa siri, na meli zinaondoka kesho. Ukishaisoma hiyo huwezi tena kuzichukulia zile barua nyingine kirahisi, zile zilizopita mkononi mwa ofisa, ambazo mtu anasema niko mzima, kazi inaendelea, msiwe na wasiwasi. Je, alikuwa mzima kweli au alijua kuna macho mengine yanasoma kabla ya mama yake? Na hapo upande wa pili unapata nguvu yake. Mashaka yao siyo ya kubuni, yameandikwa na mwandishi wa barua mwenyewe.

Tena siyo ofisa tu, hata mpokeaji mwenyewe anaibadilisha barua. Margaret Catchpole aliiba farasi wa mwajiri wake wa zamani huko Ipswich, akatoroka jela, akakamatwa tena, akapelekwa New South Wales, yaani koloni lenyewe la Sydney, mwaka 1801, halafu miaka mingi aliyokaa kule akawa anamwandikia Mrs Cobbold, yaani mke wa yule yule aliyeibiwa farasi. Barua zake zinapendwa sana na wasomi na wako sahihi kuzipenda, anaandika jinsi anavyosema, tahajia anajitungia mwenyewe, anaeleza mafuriko ya mto Hawkesbury kama mtu aliyekuwepo. Ila kwa bibi mkubwa ambaye Margaret aliwahi kumtumikia na bado anatarajia wema wake, atasema yote? Mimi nasoma mafuriko yake kwa imani kamili, na shukrani zake nazisoma taratibu.

Halafu kuna Mary Haydock, huyu ndo mfano wangu mkubwa. Alikamatwa akiwa mtoto kwa kosa la farasi vile vile, akahukumiwa miaka 7. Tarehe 8 Oktoba 1792, meli imefika tu, ana miaka 15, anamwandikia shangazi yake kwamba sasa anaambiwa yuko pale maisha yote wakati gavana alimwambia ni miaka 7, jambo linamuumiza sana, na kwamba ataviziavizia kila nafasi atoroke baada ya miaka 2 au 3. Barua ya kutoa machozi hii. Sasa huyo binti hakutoroka. Aliolewa na Thomas Reibey mwaka 1794, akaja kuwa mfanyabiashara mkubwa mwenye meli na majumba, mwaka 1820 akaenda Uingereza kutembea akiwa tajiri, akarudi zake Sydney, na leo sura yake iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Kwa hiyo barua yake ilidanganya? Hapana, ilisema kweli ya siku ile. Kosa ni letu tunaochukua karatasi ya siku moja tukaifanya wasifu wa maisha, na kosa hilo nalikuta pande zote za mjadala, huyu anatoa barua ya huzuni kuonyesha koloni lilikuwa jehanamu, yule anatoa ya mafanikio kuonyesha watu walipata bahati, na barua zenyewe wala hazikuandikwa kujibu swali hilo.

Ndo maana narudi kwenye safari. Watu waliokuja mwaka 1788 walitoka Uingereza Mei 1787, na barua za nyumbani zilizofikia wengi wao kwa mara ya kwanza zilikuja na meli Lady Juliana Juni 1790. Miaka 3! Ofisa mmoja wa majini, Watkin Tench, ameeleza siku hiyo, njaa imeshika, meli ya Sirius imeshavunjika kule Norfolk Island, bendera ikaonekana imepandishwa, akakimbilia kilimani na darubini yake, yeye na mwenzake wakashikana mikono wakilia, kisha wakaingia kwenye boti kwenye upepo na mvua kuifuata meli, na kilio kikawa kimoja tu, barua, barua, na zilipopatikana zikararuliwa kwa mikono inayotetemeka. Humo ndo wakajua kwamba mfalme wao aliugua akapona na kwamba Ufaransa kumetokea mapinduzi. Mtu anayeandika akijua jibu litakuja baada ya mwaka na zaidi haandiki kama mtu anayesubiri jibu wiki ijayo. Haulizi maswali madogo, hagombani kwa barua, na akiomba kitu anaomba kwa orodha ndefu maana nafasi ni moja. Ukiona barua ya wakati ule iko bapa, imejaa salamu, usiseme haraka kwamba mwandishi hakuwa na hisia.

Na hata ikifika bandarini bado haijakufikia. Kwa miaka zaidi ya 20 Sydney haikuwa na posta, meli ikitia nanga watu wanapanda wenyewe kuchukua barua, na walikuwepo waliojifanya ni fulani wakaondoka na barua na vifurushi vya watu wengine. Ndo Aprili 1809 akateuliwa Isaac Nichols, yeye mwenyewe aliletwa kama mfungwa mwaka 1791, awe mtu wa kwanza kushughulikia barua, ofisi ikiwa nyumbani kwake George Street. Yeye anapanda melini, anachukua mfuko, majina ya wenye barua yanachapwa kwenye gazeti la Sydney Gazette, unakwenda kwake unalipa shilingi 1 kwa barua. Wapo wanaosifia kwamba mfungwa wa zamani ndo aliyeanzisha posta ya Australia na kweli ni jambo la kusifia, wizi ule ulipungua na mtu akawa na pa kwenda kuuliza. Ila angalia na upande wa pili, anayelipa ni anayepokea, shilingi kwa mfungwa siyo hela ndogo, na jina lako limechapwa kwenye gazeti ambalo wewe uliye shambani huko ndani pengine hulioni, au ukiliona hujui kusoma. Barua zilizotufikia leo zimepita kwenye chujio hilo lote. Zilizokwama hatuzisomi na hatutazisoma.

Mambo ya bei yanaeleza mpaka sura ya barua. Kule Uingereza kabla ya 1840 posta ilihesabu karatasi, kwa hiyo bahasha ni karatasi ya pili na unailipia, matokeo yake watu walikunja karatasi yenyewe wakaibandika lakiri, anwani juu ya mkunjo, na wengine wakishajaza ukurasa wanaugeuza na kuandika tena kwa kukatiza mistari ya kwanza. Bado huko huko kwenye posta, Novemba 1838 James Raymond wa posta ya Sydney alitoa karatasi zenye mhuri uliokwisha kulipiwa, miezi 18 kabla ya stempu maarufu ya Penny Black ya Uingereza, dazeni kwa shilingi 1 na peni 3, rahisi kuliko peni 2 za kawaida kwa barua ya mjini, na watu hawakuzichangamkia. Stempu zenyewe zikaja Januari 1850, New South Wales tarehe 1 na eneo la Victoria tarehe 3. Hapo sasa mlipaji ni mtumaji, na maskini akapata kupokea barua bila kutafuta hela kwanza. Kwangu hayo yalibadilisha mengi kuliko uteuzi wa gavana yeyote mpya.

Sasa kwenye wenyeji. Hoja kwamba barua zinawaacha nje ni ya kweli kwa sehemu kubwa, walikuwa na njia zao za kupeleka habari, fimbo za mbao zilizochongwa alama na kubebwa na mjumbe kutoka kabila moja kwenda jingine, na kwa walowezi wengi hilo halikuhesabika kama mawasiliano. Lakini kusema hawamo kabisa ni kuwafuta mara ya pili. Bennelong, mwenyeji wa eneo la Sydney aliyepelekwa Uingereza akarudi 1795, tarehe 29 Agosti 1796 alituma barua kwa msimamizi wa nyumba ya Lord Sydney, mwanasiasa wa Uingereza, anasema anaishi kwa gavana, mke wake kachukuliwa na mwanaume mwingine, anamshukuru mama wa nyumba ile aliyemuuguza, anaomba soksi na leso na viatu. Alitamka, mwingine akaandika, na iliyobaki ni nakala.

Na mwaka 1846 wenyeji 8 wa Tasmania waliokuwa wamehamishiwa Flinders Island, akiwemo Walter George Arthur, walipeleka ombi kwa Malkia Victoria wakimlalamikia msimamizi wao wa zamani, Dr Jeanneret, asirudishwe kuwatawala. Wakasema hawakutekwa vitani, waliiacha nchi yao kwa makubaliano na serikali. Jeanneret akajibu kwamba haya siyo yao, wamechochewa na mwalimu wa dini wa pale, Robert Clark. Na hadi leo wapo wanaouliza, je ni maneno yao kweli?

Swali la nani ameshika kalamu ni halali, mimi sina tatizo nalo, tatizo langu ni kwamba haliulizwi kwa wote. Wafungwa wangapi wasiojua kusoma waliandikiwa barua na wenzao, na hakuna anayesema siyo zao? Mfungwa akiandikiwa tunasema kapata msaada, Walter Arthur akisaidiwa tunasema kachochewa. Tena huyu alikuwa anajua kuandika, na mke wake Mary Ann naye aliandika mwaka ule ule akisema daktari anataka kuwaonyesha wao kuwa watu wabaya. Angalia safari ya lile ombi: lilitoka kisiwani ambako mlalamikiwa mwenyewe alikuwa anarudi kutawala, likafika, uchunguzi ukafanyika, Jeanneret akaondolewa, na Oktoba 1847 watu 47 waliobaki wakahamishiwa Oyster Cove, kwenye kisiwa kikuu cha Tasmania. Kwa barua chache sana za enzi ile unaweza kuonyesha matokeo ya namna hiyo.

Ndo maana pia nina ugomvi na wakusanya stempu wa zamani waliokata stempu wakatupa karatasi, japo haohao ndo waliotunza bahasha na mihuri ambayo wanahistoria hawakuijali, na ugomvi wa pili ni kwa vitabu vilivyochapa maneno ya barua vikaacha nje mkunjo, anwani, alama ya bei na tarehe ya kupokelewa. Maktaba za Sydney na Canberra zinaweka mengi mtandaoni sasa, kazi kubwa na nzuri. Ombi langu kwa wanaofanya kazi hiyo popote, pigeni picha na upande wa nyuma, hata kama hauna sentensi hata moja.